Antena ya kipepeo kwa rada ya ardhini: bendi pana, mkia mfupi

Mtu akiniletea antena yake ya rada ya ardhini, cha kwanza kunionyesha huwa ni kioo cha VNA, kifaa kinachopima nguvu ambayo antena inairudisha kwenye kebo: mstari umezama chini ya desibeli -10 kuanzia megahezi 200 hadi 600, na mwenyewe anatabasamu. Namwambia hongera, haya sasa nionyeshe mkia. Hapo wengi huduwaa. Kwenye mitambo ya FM, ambako ndiko nilikotokea kabla sijaingia kwenye kazi hii ya kutafuta mabomba, mstari ule ungetosha kabisa. Kwenye rada ya ardhini hautoshi. Antena inapiga mpigo mmoja mfupi kisha inatakiwa inyamaze, maana mwangwi wa bomba unarudi ndani ya nanosekunde chache tu, tena ukiwa dhaifu mno kuliko mpigo uliotoka. Antena ikiendelea kulia kama mfuniko wa sufuria ulioanguka kwenye sakafu ya saruji, na mlio huo ndio mkia ninaouulizia, mwangwi ule hutausikia, hata bendi yako iwe pana namna gani.

Ninayoeleza hapa ni antena ya kipepeo ya megahezi 400, yaani mabawa mawili ya shaba yaliyotazamana ncha kwa ncha. Inafaa kutafuta mabomba ya maji na nyaya zilizofukiwa kati ya nusu mita na mita moja na nusu, kwenye udongo wa kichanga kama ule wa Mbezi, Tegeta au Kigamboni. Saketi ya kupiga mpigo na ya kupokea nitazigusa kidogo tu.

Anza na udongo

Kabla hujakata shaba, jua antena yako italala juu ya nini. Hewani wimbi hukimbia sentimita 30 kwa nanosekunde moja. Ardhini mwendo hupungua: gawanya 30 kwa kipeuo cha pili cha namba ya daielektriki ya udongo. Hewa ni 1, mchanga mkavu ni 3 hadi 5, zege 5 hadi 8, mchanga uliojaa maji 20 hadi 30, na maji yenyewe ni kama 80. Mimi hubuni kwa namba mbili: 5 kwa mchanga wa kiangazi wenye unyevunyevu, na 9 kwa mchanga ule ule baada ya mvua. Kwa 5 mwendo ni sentimita 13.4 kwa nanosekunde. Kwa 9 ni sentimita 10. Bomba lililo mita moja na nusu chini ya mchanga wa mvua litajibu baada ya nanosekunde 30, kwenda na kurudi.

Kwa nini megahezi 400? Ukipanda juu, kama gigahezi 1, unaona vitu vidogo vizuri lakini udongo unameza wimbi mapema. Ukishuka hadi 100 unafika mbali, ila bomba la nusu inchi unalikanyaga bila kuliona. Kwa 400 ndani ya udongo wa namba 9, urefu wa wimbi ni sentimita 25, na robo yake, kama sentimita 6, ndiyo umbali wa chini kati ya vitu viwili vilivyopandana ambavyo unaweza kuvitenganisha. Kwa kazi ya mabomba inatosha. Kanuni ya bendi ni rahisi: upana wa bendi uwe sawa na masafa ya kati. Kwa 400, basi, tunataka 200 hadi 600, na mpigo wa karibu nanosekunde mbili na nusu.

Na kuna udongo ambao antena yoyote haitakuokoa. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa unageuza wimbi kuwa joto, na rada inakufa kwenye kina kifupi sana. Karibu na bahari ni hivyo hivyo: ukifika kwenye maji ya chumvi, picha inaishia pale. Mteja wa kiwanja cha ufukweni anayetaka uone mita tatu chini mwambie ukweli mapema, kabla hujapakia vifaa kwenye gari.

Umbo

Kuna antena zenye bendi pana kuliko kipepeo na bado hazifai hapa. Mfano ni antena ya mzunguko, ile iliyojikunja kama dawa ya mbu. Kwenye VNA inapendeza ajabu. Tatizo ni kwamba masafa ya juu yanatokea karibu na kitovu na ya chini yanatokea kwenye mizunguko ya nje, kwa hiyo hayaondoki kwa wakati mmoja. Unaingiza mpigo mfupi, unatoka umevutwa kama mluzi. Antena ya logarithimu, ile yenye vijiti vingi vinavyopungua urefu, ina ugonjwa huo huo. Programu inaweza kuyapanga upya masafa baadaye, lakini kwa rada ya mpigo iliyotengenezwa karakana ya nyumbani ni kujitafutia kazi.

Vivaldi, antena yenye mwanya unaopanuka kama mdomo wa tarumbeta, ambayo P. J. Gibson aliitambulisha 1979, haina tatizo hilo, ila mdomo wake unahitaji kuwa karibu nusu wimbi kwenye masafa ya chini kabisa. Kwa megahezi 200 hewani hiyo ni sentimita 75. Nani ataivuta hiyo uani kwa watu? Kipepeo kinalala chini, ni chembamba, na kinapeleka masafa yote kutoka sehemu moja. Rada ya RIMFAX waliyoitengeneza Wanorwe, iliyofika Mars Februari 2021 chini ya gari la Perseverance, nayo inatumia kipepeo cha aina ya tundu, kwa megahezi 150 hadi 1200.

Sasa vipimo. Nusu wimbi kwa megahezi 200 hewani ni sentimita 75, lakini antena iliyolala juu ya ardhi upande mmoja unaona hewa na upande mwingine udongo, kwa hiyo inaishi kwenye wastani wa namba mbili hizo. Udongo ukiwa 5, wastani na hewa ni 3. Kipeuo cha pili ni 1.73, 75 gawanya kwa 1.73 unapata sentimita 43. Kipepeo kwa kuwa ni kinene kinaruhusu kupunguza kidogo. Chukua 40, yaani kila bawa sentimita 20.

Usikate mabawa ya pembetatu. Kata kipande cha duara chenye kitovu kwenye ncha, nusu kipenyo sentimita 20 na pembe ya nyuzi 90. Upana unakuwa sentimita 28, na bawa zima linaingia kwenye ubao mmoja wa saketi wenye shaba, aina ya FR4, wa sentimita 20 kwa 30, ule unaouzwa tayari. Ukingo wa mviringo pia unafanya mkondo wote ufike mwisho kwa wakati mmoja, na hilo litakusaidia kwenye rezista. Kati ya ncha mbili acha milimita 4.

Pembe ya nyuzi 90 ina sababu yake. Kipepeo cha pembe hiyo kinafanana kabisa na nafasi tupu inayokizunguka, na antena ya namna hiyo ikiwa hewani ina omu 188 kwa masafa yote, kinadharia bila mwisho. Ikilala juu ya udongo gawanya tena kwa kipeuo kile kile: kwa udongo wa 5 unapata omu 109, kwa udongo wa 9 unapata 84. Katikati yake kuna namba 100, na 100 ni namba tamu sana, kama utakavyoona kwenye kulisha.

Rezista, ambazo ndizo kazi yenyewe

Mkondo ukifika mwisho wa bawa hauna pa kwenda. Unarudi, unafika kitovuni, sehemu inapita na sehemu inagonga tena. Kwa bawa la sentimita 20, safari ya kwenda na kurudi ni sentimita 40, na kwa mwendo wa sentimita 17 kwa nanosekunde inachukua kama nanosekunde 2.3. Kila nanosekunde 2.3, basi, antena yako inapiga mpigo mwingine wa uongo. Kwenye mchanga wa 13.4 hiyo inaonekana kama tabaka jipya kila sentimita 15. Nimewahi kuonyeshwa picha ya rada yenye tabaka safi zilizonyooka kuanzia juu mpaka chini, na mwenye picha akiziita miamba. Zilipachana kwa umbali ule ule kote, na alipoinua antena hewani zilikuwepo vilevile.

Dawa ilielezwa 1965 na T. T. Wu na R. W. P. King: weka ukinzani unaoongezeka kuelekea mwisho, kiasi kwamba mkondo unafifia njiani na mwishoni hakuna cha kurudi. Ukinzani unapanda kwa kugawanya namba fulani kwa umbali uliobaki hadi mwisho wa bawa. Wao walikuwa na fimbo. Sisi tuna ubao, kwa hiyo tunakata mifereji na kuiruka kwa rezista ndogo za kubandika.

Chora kwenye kila bawa mifereji minne ya mviringo, kutoka kitovu: sentimita 8, 11, 14 na 17. Kila mfereji uwe na upana wa milimita 2, utumie rezista za saizi ya 1206. Ukinzani wa kila mfereji unaupata hivi: omu 100, zidisha kwa 3, ambayo ni nafasi kati ya mifereji, gawanya kwa umbali uliobaki. Mfereji wa 8 umebakiza 12, unapata omu 25. Wa 11 unapata 33, wa 14 unapata 50, wa 17 unapata 100. Hizo ni jumla za mfereji mzima. Mfereji wa kwanza funga rezista nne za omu 100 sambamba; wa pili nne za 130; wa tatu sita za 300; wa nne sita za 620.

Mahali pa kuzibandika si popote. Mkondo wa kipepeo unapenda kingo mbili za pembeni, katikati ya bawa unapita kidogo. Kila mfereji lazima uwe na rezista ukingoni kabisa, kushoto na kulia, milimita 2 au 3 tu kutoka mwisho wa shaba. Zilizobaki zigawe katikati. Rezista zikiwa zimekusanyika katikati, mkondo wa pembeni unalazimika kuzunguka na mkia unarudi. Lehemu ziwe ndogo na safi. Pima kila mfereji kwa mita ya kawaida kabla hujaendelea, maana rezista moja iliyopasuka kwa joto haionekani kwa macho.

Gharama ya dawa hii ni nguvu: sehemu kubwa ya mpigo inaishia kuwa joto ndani ya rezista. Watu wa redio linawauma sana hili, na linaniuma hata mimi. Lakini nguvu unaweza kuiongeza kwa kupiga mipigo mingi na kuchukua wastani. Mkia hauondoki kwa wastani, kwa sababu unajirudia sawasawa kila mpigo.

Omu 100 nilizoanzia kwenye hesabu si amri. Mkia ukibaki mrefu panda hadi 150. Mwangwi ukiwa dhaifu mno na mkia ni safi, shuka hadi 70.

Kulisha bila transfoma

Kipepeo ni antena ya mizani, yaani pande zake mbili zinafanana; kebo ya koaksia si ya mizani. Ukiunga kiini bawa hili na ganda bawa lile, mkondo unapanda nje ya kebo, na kebo inageuka antena ya tatu. Utaijua siku utakayoona picha inabadilika kila unaposogeza mkono. Wengi huweka transfoma ya kusawazisha ya pete ya feraiti, omu 50 kwenda 200. Inafanya kazi, lakini feraiti nzuri kwa megahezi 200 hadi 600 si rahisi kuipata madukani, na omu 200 hazilingani na 100 zetu.

Njia ninayoipenda ni kebo mbili za omu 50 zenye urefu sawa. Maganda yao yaunge pamoja kwa lehemu karibu na kitovu, bila kugusa bawa lolote. Kiini cha kebo ya kwanza kiende bawa la kushoto, cha pili bawa la kulia. Kati ya viini viwili una omu 100 za mizani, bure. Upande wa kupiga, transista ya 2N2369 inayofanyishwa kazi ya maporomoko, yaani mkondo unafumuka ghafla, inatoa mpigo chanya upande mmoja na hasi upande wa pili: kila mmoja unapata kebo yake. Upande wa kupokea, kikuza-ishara cha tofauti, kinachokuza tofauti tu kati ya kebo mbili, kinachukua zote mbili, na kelele iliyoingia kwenye kebo zote kwa usawa inajifuta yenyewe.

Urefu sawa uwe sawa kweli. Ndani ya kebo ya kawaida wimbi linakwenda kama sentimita 20 kwa nanosekunde. Kebo moja ikizidi kwa sentimita 5, umechelewesha robo ya nanosekunde, ambayo kwa megahezi 400 ni sehemu ya kumi ya mzunguko mzima. Zikate pamoja, ukiwa umezishika pamoja.

Sanduku

Kipepeo kinapiga juu na chini. Waya wa umeme ulio mita 3 juu ya kichwa chako utajibu baada ya nanosekunde 20, na kwenye picha ya mchanga wa 13.4 utakaa kama bomba lililo mita 1.34 chini. Mitaa yetu ina nyaya kila mahali, kwa hiyo bila sanduku la chuma mgongoni usianze kazi.

Sanduku la bati la kimo cha sentimita 10, urefu 44 na upana 32, linaimeza antena yetu vizuri. Lakini angalia: sentimita 44 ni nusu wimbi la megahezi 340, ndani kabisa ya bendi. Sanduku tupu litalia lenyewe na kuharibu yote uliyofanya kwenye rezista. Lijaze sponji nyeusi yenye kaboni, ukiacha sentimita 2 hivi kati ya sponji na shaba. Halafu kingo za nje za mabawa ziunge na ukuta wa sanduku kwa rezista, mbili kila bawa, za omu 200 hivi. Mkondo mdogo uliobaki unapata njia ya kutokea.

Tengeneza masanduku mawili, la kupiga na la kupokea, yakae ubavu kwa ubavu, mabawa yakiwa sambamba. Kitovu hadi kitovu utapata kama sentimita 34. Chini bandika plastiki ngumu nyembamba. Pipa la maji lililopasuka linafaa sana.

Kupima

Usipime juu ya meza. Antena hii imebuniwa kulala ardhini, na mezani itakupa majibu ya antena nyingine. Nenda uani, ilaze kwenye mchanga.

NanoVNA ya bei nafuu inayofika megahezi 900 inatosha. Kebo ya bawa la kushoto ichomeke mlango wa kwanza, ya kulia mlango wa pili, pima S11, yaani kinachorudi mlango wa kwanza, na S21, yaani kinachovuka kutoka wa kwanza hadi wa pili. Kwa kuwa mabawa yanafanana, mwitikio wa mizani ni S11 kutoa S21. Toa zikiwa namba changamano zenye sehemu mbili, halisi na ya kufikirika. Ukitoa desibeli kutoka desibeli utapata upuuzi. Rekodi faili, fanya hesabu kwenye kompyuta. Chini ya -10 kutoka 200 hadi 600 ni nzuri, na -8 mahali fulani haininyimi usingizi.

Kisha geuza data hiyo iwe ya wakati. Utaona kilele cha kitovuni, halafu kinachofuata. Tazama hasa kwenye nanosekunde 2.3 baada ya kilele: kama kuna kilima, bawa linarudisha mkondo. Mimi nataka kila kitu baada ya nanosekunde 5 kiwe chini ya kilele kwa desibeli 40 au zaidi. Kilima kikiwa mahali pengine, gusa sanduku, kisha kebo. Kinachosogea ukigusa ndicho mkosaji.

Baada ya hapo fukia bomba la chuma la mabati kwa mshazari, upande mmoja sentimita 30, mwingine mita 1. Kwa mtaro mmoja una vina vyote vya kujaribia. Vuta antena ukivuka juu ya bomba, mabawa yakiwa sambamba na bomba. Ukiyaweka yamelikingama, bomba la chuma litafifia sana. Utaona upinde, mgongo juu na mikono ikishuka. Ukijua kina ni sentimita 50 na mgongo unafika kwenye nanosekunde 7.5, mwendo ni 100 gawanya kwa 7.5, sentimita 13.3, na udongo wako una namba ya 5.

Saa ya sifuri ipate kwenye wimbi la moja kwa moja kati ya masanduku: limesafiri sentimita 34 hewani, kwa hiyo linafika nanosekunde 1.1 baada ya mpigo kuondoka. Na kwa vitu vya karibu kumbuka wimbi halishuki wima. Kwenye kina cha sentimita 50 ule mshazari unaongeza njia kwa asilimia 5 hivi, si neno. Kwenye sentimita 20 unaongeza zaidi ya asilimia 30. Usipousahihisha, utamwambia mchimbaji bomba liko chini kuliko lilipo, naye atalifikia kwa sululu.

Upinde ulio mpana kupita kiasi, ambao hesabu yake inatoa mwendo wa karibu sentimita 30 kwa nanosekunde, umetoka hewani: waya, ukuta au gari. Rudi kwenye sanduku, angalia kama ukingo wake unagusa ardhi. Ukiinua sentimita 5 tu, wimbi linavuja pembeni.

Bendi hii pia ina redio za walinzi na televisheni, kwa hiyo kabla ya kufanya kazi ya malipo ulizia kibali kwa mamlaka ya mawasiliano. Tanzania ni TCRA. Sanduku zuri linakusaidia hapo pia.

Ukitaka kwenda chini zaidi, zidisha vipimo vya bawa kwa 2, mifereji pamoja, acha omu za kila mfereji zilivyo, na una megahezi 200. Sanduku ndilo litakalokutesa kwa ukubwa. Ukitaka nondo ndani ya zege, kwenda gigahezi 1 na kuendelea, hapo mdomo wa Vivaldi unashuka hadi sentimita 15, nami ningeacha kipepeo nitengeneze hiyo.